Chui wa Serikali

Sikukuu kwetu ilikuwa Mnazi Mmoja. Tunatoka Michenzani na nguo mpya ambazo bado zinanuka duka, sarafu zimefungwa pembeni mwa leso, tunaanza na pembea, tunamalizia na urojo. Pesa zikishakwisha, wale wenye roho ngumu huvuka kwenda kwenye jengo jeupe lenye kuba. Wenye roho nyepesi hubaki bustanini na makobe. Mimi kwa miaka miwili mitatu nilikuwa mtu wa makobe. Walikuwa wakubwa kama meza ya kahawa, na ukiwapa jani la mchicha hukaa wakakutazama kwanza, kama mzee anayefikiria kama akujibu salamu.

Jengo lilikuwa Makumbusho. Jina lake la heshima ni Beit el-Amani, Nyumba ya Amani, lakini bibi yangu hakulijua kwa jina hilo. Yeye alisema Nyumba ya Mashetani, na hakuwa peke yake. Ukilitazama kwa macho yake utaona alikuwa na hoja. Kwa nje ni kama msikiti, una kuba na matao, lakini husikii adhana. Kwa ndani kuna wanyama waliokufa, nao wamesimama. Nyumba yenye maiti zilizosimama utaiitaje?

Lilifunguliwa mwaka 1925, kumbukumbu ya amani iliyorudi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mtu akiuliza vita vya Ulaya viliihusu nini Unguja, ajue kwamba tarehe 20 Septemba 1914 watu wa mjini waliamka kwa mizinga: manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikuja kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, papo hapo mbele ya mji. Aliyelichora jengo ni John Houston Sinclair, ambaye pia aliwahi kuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza hapa. Ukipita Vuga ukaona jengo la zama za Waingereza lenye kuba na madirisha ya Kiarabu, mtaje Sinclair. Mara nyingi hukosei. Mahkama Kuu ni yake. Mimi huwa nacheka kidogo moyoni: Mwingereza aliyekuja kutufundisha Uarabu wa kuta. Lakini alijua kuchora, hilo simnyimi. Ukisimama chini ya kuba mchana wa jua kali, ulikuwa unapata ubaridi unaoshuka polepole kama mtu aliyefungua mtungi juu ya kichwa chako.

Mara ya kwanza kuingia nilikuwa darasa la tatu, skuli ilipotupeleka kwa mstari, wasichana mbele. Nilishika mkono wa rafiki yangu mpaka ukalowa. Tulioneshwa kasha la dawa la Livingstone, yule mmishonari aliyekaa Unguja mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho bara. Mwalimu alieleza mengi juu ya safari. Mimi nilikuwa nashangaa tu kwamba mtu mkubwa kiasi hicho alibeba vichupa vidogo kama vya manukato ya mama. Tukaoneshwa siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa wenyeji wa kisiwa. Wa mwisho katika ukoo ule alikufa mwaka 1873, na baada yake hakuna aliyekaa kitini. Hapo mwalimu alipita haraka. Bibi, nilipomsimulia baadaye, hakupita haraka. Aliniambia ngoma zile zilikuwa zikilia zenyewe pakitaka kuja balaa. Nikamwuliza mbona siku hizi hazilii. Akasema, “Utalia ukiwa kabatini?”

Halafu kulikuwa na jengo dogo la pili, la viumbe. Humo mlikuwa na mifupa ya dodo, yule ndege wa Morisi aliyekwisha duniani miaka mia tatu na zaidi iliyopita, na mlikuwa na chui.

Chui huyu ndiye aliyenileta kwenye kalamu leo. Hakuwa chui wa kutisha. Ngozi yake ilikuwa imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi, mishono imeanza kuonekana, na macho ya kioo yalikuwa yanatazama mahali ambapo hapana mtu. Lakini alikuwa wetu. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake madogo, yamevunjikavunjika. Bahari ilipokitenga kisiwa na bara, maelfu ya miaka iliyopita, alibaki upande huu, akawa mnyama mkubwa mla nyama kuliko wote wa Unguja. Mwaka 1932 mtaalamu wa London, Pocock, alimtangaza kuwa ni aina ya peke yake na kumpa jina la Aders, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa akiitumikia Serikali ya Zanzibar. Jina la Aders lilikuwa limeshapewa paa nunga vilevile. Kwa hiyo katika msitu wa Jozani mla na mliwa walikuwa wakikimbizana, wote wawili wana jina la bwana mmoja, na hawana habari.

Bibi alikuwa mtu wa Makunduchi. Alikuja mjini kwa ajili ya macho yake, tukampeleka hospitali, ambayo siku hizo ikiitwa V. I. Lenin, na Makumbusho yako jirani. Tulipotoka, nikamvuta. Sikumwambia naelekea wapi. Alipotambua tulikuwa tumeshafika mlangoni, na mbele ya mtunza mlango aliona haya kurudi nyuma. Akajifunika vizuri kanga yake, akaingia, midomo inatembea kwa dua.

Vyombo vya Livingstone hakuvitazama hata kidogo. Kwenye ngoma alisimama, akainamisha kichwa, akaendelea. Tulipofika kwa chui akakaa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mabovu, alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kisha akamgeukia mtunzaji, mzee wa makamo yake, akamwuliza kwa adabu kabisa:

“Huyu, kaka yangu, alikuwa wa nani?”

Mzee hakusita. “Wa Serikali.”

“Ahaa,” akasema bibi. “Kumbe na Serikali ikifuga.”

Nilidhani ni mzaha. Wala haukuwa mzaha. Vijijini kusini watu walijua kwamba kuna chui wa Mungu na kuna chui wa mtu. Wa mtu hufugwa na wachawi, hutumwa usiku kumaliza mbuzi wa jirani, na akiuawa mwenyewe huugua. Bibi alinihadithia njia nzima ya kurudi. Alinihadithia mwaka wa Kitanzi, baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga wa jina hilo alipozunguka vijiji kuwafichua wachawi, na wawindaji wakatoka kuua chui popote walipoonekana. Chui walikwisha namna hiyo: kwa kukatiwa msitu, kwa kuwindwa paa waliokuwa chakula chao, na kwa kushukiwa. Hesabu za wawindaji ziliendelea kuwataja mpaka miaka ya 80, halafu kimya.

Kikaratasi chini ya kioo hakikuwa na hata moja katika hayo. Kilikuwa na jina la Kilatini.

Nilirudi peke yangu mara nyingi baada ya hapo, kila nikitoroka mazoezi ya gwaride. Mtunzaji alishanizoea, hakuniuliza kitu. Nilikuwa nafanya mchezo wangu: nasimama mbele ya kila kabati, nasoma kikaratasi, kisha nasema kwa sauti ndogo ambacho bibi angesema. Nadhani nilijifunza historia pale zaidi kuliko darasani, lakini nilihitaji wote wawili, karatasi na bibi.

Bibi alitangulia. Makumbusho nayo yakaanza kuhama. Miaka ya 2000 ilipoingia, vitu vya historia vilipelekwa Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, na wengi tulifurahi, maana jumba lile ni kubwa na liko baharini. Mwaka 2012 sehemu yake ikaporomoka, likafungwa. Tarehe 25 Disemba 2020 mnara na sehemu kubwa ya upande wa mbele vikaanguka, na mafundi wawili wakafa.

Niliwahi kupita Mnazi Mmoja na mwanangu, tukakuta milango ya Beit el-Amani imefungwa. Tulizunguka nje. Nikamwinua achungulie dirishani. Akasema haoni kitu ila vumbi na kiti. Nikamwambia atazame chini ya kuba, angalau ubaridi aufikirie. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza kama tunaweza kwenda kula urojo.

Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kamera ya watengenezaji filamu kutoka Marekani, iliyotegwa Unguja usiku, imemnasa mnyama anayefanana na chui. Wataalamu wakabishana: wengine wakaamini, wengine wakataka ushahidi zaidi. Mimi nilimpigia simu shangazi yangu Makunduchi, mtoto wa mwisho wa bibi, nikamsomea habari yote, saa, msitu, kamera. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

Hakuuliza kama ni kweli. Akauliza, “Wanasema wa nani?”