Tiketi moja, kampuni mbili: historia ya miungano ya ndege na wasafiri wa Bukavu

Tangu M23 ichukue uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 mwezi wa pili 2025, wakaaji wengi wa Bukavu wanaosafiri kwenda Canada, Marekani ama Ubelgiji huanza safari yao kwa kuvuka mto Ruzizi. Wakifika Kigali, wengine wanashangaa: tiketi ina jina la kampuni moja, lakini ndege waliyoonyeshwa ni ya kampuni nyingine. Wapo wanaoogopa kwamba wametapeliwa. Mara nyingi hapana. Ni kazi ya miungano ya ndege.

Muungano mkubwa wa kwanza, Star Alliance, ulizaliwa tarehe 14 mwezi wa tano 1997. Walioanza walikuwa watano: Lufthansa ya Ujerumani, United ya Marekani, Air Canada, Thai Airways na SAS ya nchi za Skandinavia. Siku tatu baadaye, tarehe 17, askari wa AFDL waliingia Kinshasa na Zaire ikawa Kongo tena. Oneworld ilifuata mwaka 1999, na SkyTeam mwaka 2000.

Kampuni hizo hazikugeuka kuwa kampuni moja. Kila moja ilibaki na ndege zake na wenyewe. Walichokubaliana ni kuuziana nafasi, kupanga saa zao vizuri na kupitishiana mizigo. Ndiyo maana valizi inaweza kupewa namba Kigali na kuchukuliwa Toronto.

Afrika iliingia polepole. South African Airways ilipokelewa Star Alliance mwaka 2006, EgyptAir mwaka 2008, na Ethiopian Airlines mwezi wa kumi na mbili 2011. Kenya Airways, ambayo KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 yake mwaka 1996, ikawa mwanamemba kamili wa SkyTeam mwaka 2010. Royal Air Maroc iliingia Oneworld mwaka 2020. RwandAir haimo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu.

Je, Kongo? Air Congo ya kwanza ilianzishwa mwaka 1961, ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, na ikafilisika mwaka 1995. Kwa hiyo wenzake walipokaa mezani mwaka 1997, Air Zaïre haikuwapo tena. Tena kuingia si kulipa tu. Kampuni hukaguliwa usalama wake kwanza. Mwaka 2006, mwaka uleule South African Airways ilipopokelewa, Umoja wa Ulaya ulizifungia anga yake kampuni za Kongo, na kifungo hicho hakijaondolewa.

Mwezi wa kumi na mbili 2024, Air Congo mpya ilianza kuruka, Serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian asilimia 49. Lakini kuwa na mbia aliye mwanamemba hakumfanyi mtu mwanamemba: Air Congo haijaingia Star Alliance.

Kwa familia inayomsindikiza ndugu, historia hii ina faida ya kweli. Safari yote ikiandikwa katika tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ndiyo inayomtafutia msafiri nafasi nyingine. Akinunua tiketi mbili mbalimbali kwa kutafuta bei ndogo, ndege ya pili ikimwacha, mara nyingi hasara ni yake. Kabla ya kulipa, ni vizuri kuuliza: tiketi ni moja? Kampuni gani inabeba kila kipande cha safari? Valizi inachukuliwa wapi?

Lakini tiketi hiyo inaanzia Kigali, Bujumbura ama Entebbe. Kutoka Bukavu hadi kule, hakuna muungano unaobeba mtu. Pale darajani Ruzizi, valizi bado inavutwa kwa mkono.