MAME (programu)

MAME ni emuleta, yaani programu inayoiwezesha kompyuta ya kisasa kufanya kazi kama mashine ya zamani. Ilianzishwa na Mwitalia Nicola Salmoria, na toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 5 Februari 1997. Lengo lake la awali lilikuwa kuhifadhi historia ya mashine za michezo ya video zilizochezwa kwa sarafu, kama Pac-Man ya mwaka 1980.

Utendaji

MAME huiga mashine nzima, kipande kwa kipande. Pac-Man, kwa mfano, iliendeshwa na prosesa ya Z80. MAME husoma amri za prosesa hiyo na kuzitekeleza upya, huku ikiiga pia chipu za picha na sauti na kuoanisha mwendo wa vyote. Kwa kuwa usahihi hutangulizwa kuliko kasi, baadhi ya mashine zilizotengenezwa miaka ya 1990 na baadaye huhitaji kompyuta yenye nguvu kubwa ili ziigwe vizuri.

Uhifadhi na sheria

Mchezo wenyewe hunakiliwa kutoka kwenye chipu za kumbukumbu za mashine (ROM) kabla hazijaharibika kwa uchakavu. Nakala hizo hazitolewi pamoja na MAME, kwa sababu michezo mingi bado inalindwa na hakimiliki.

Maendeleo

Mwaka 2015 MAME iliunganishwa na MESS, emuleta ya kompyuta na konsoli za zamani. Mwaka 2016 ikawa programu huria.