Colonia: mji, manukato na mkoloni

Mtu wa Rusimbi au Gungu, mkoani Kigoma, anapomtaja mkoloni, anatamka neno lenye umri wa miaka elfu mbili, ambalo huko Ulaya limekuwa pia jina la mji mkubwa na la chupa ya manukato. Historia yake inaanzia shambani. Waroma walimwita mkulima colonus, kutokana na kitenzi chao cha kulima, na mahali walipowagawia askari wastaafu ardhi ya watu walioshindwa wakapaita colonia. Waliokuwa wakiilima ardhi hiyo zamani hawakuulizwa.

Colonia mojawapo ilikuwa ukingoni mwa mto Rhine, katika mji wa kabila la Waubii. Hapo alizaliwa Agrippina, aliyekuja kuolewa na Kaisari Claudius, na mwaka 50 baada ya Kristo mumewe akaupandisha hadhi mji huo na kuupa jina refu: Colonia Claudia Ara Agrippinensium. Jina kama hilo linachosha ulimi. Miaka ilivyokwenda, la Kaisari likadondoka, la mkewe nalo likadondoka, ikabaki Colonia peke yake. Wafaransa wakasema Cologne, Wajerumani wakasema Köln.

Manukato yalikuja baadaye sana. Johann Maria Farina, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1685, alihamia Köln, ambako ndugu yake alifungua biashara mwaka 1709. Wakati huo matajiri wa Ulaya walijipaka harufu nzito za miski. Yeye alichanganya spiriti na mafuta mepesi ya maganda ya limau, chungwa na bergamota, akamwandikia ndugu yake kwamba harufu hiyo ilimkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua. Akayaita maji ya Cologne, kwa heshima ya mji uliompokea. Wengine wakaiga upesi. Kina Mülhens wa mtaa wa Glockengasse walitumia hata jina la Farina kwa miaka mingi, na walipozuiwa wakashika namba ya nyumba yao, 4711, ambayo ingali jina la manukato yanayouzwa. Siku hizi jina la mji limekuwa kipimo tu: linataja manukato yoyote mepesi, yenye mafuta machache na spiriti nyingi.

Linalonigusa mimi ni kwamba kwa upande wa harufu, mji wa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, haukuwa na haja na neno hilo. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858 walikuta wafanyabiashara wa Pwani wameshatangulia, na misafara ya Pwani haikuleta shanga na vitambaa peke yake. Ilileta dini na adabu za mwili. Udi, ubani, marashi ya waridi, vyote vilipata majina na mahali pake nyumbani. Mpaka leo bibi harusi hufukizwa udi, na wageni hurashiwa kwa mrashi. Neno marashi tulilipata kwa Waarabu, neno manukato tulilitoa wenyewe katika kunukia. Cologne ingeingia wapi?

Kwa upande wa kutawaliwa, mlango ulivunjwa. Serikali ya Ujerumani ilishika utawala moja kwa moja mwaka 1891, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Kwa reli hiyo ilisafirishwa meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, kisha ikaundwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliipa jina la Graf von Götzen, aliyekuwa gavana vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwaka 1867. Jina la gavana lilidumu miaka kumi na miwili tu, na nashukuru halikurudi.

Wanasheria watasema Tanganyika ya Waingereza haikuwa koloni. Kwanza ilikuwa nchi ya dhamana chini ya Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 chini ya Umoja wa Mataifa. Tofauti hiyo ilisaidia: ndiyo iliyompa Nyerere mlango wa kusimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, Machi 1955. Lakini wananchi walisema mkoloni, na naamini walisema kweli, kwa sababu waliipima serikali kwa kodi na kwa kazi waliyofanyishwa.

Kigoma iliijua kazi hiyo kuliko mikoa mingi. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na Buha, nchi ya Waha, hapakuwa na mashamba makubwa ya kuajiri watu, wala serikali haikuwa na haraka ya kuyaleta, kwa kuwa mikono ilitakiwa kwingine. Vijana wa Kiha walipanda treni kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, wakakata majani ya miiba kwa mkataba, wakaacha wake na wazazi walime peke yao. Waliitwa manamba, kwa namba walizoandikishwa. Baadhi walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine walibaki Tanga, na wajukuu wao wangali huko.