Plex: Seva ya muvi ya nyumbani inavyoweza kuangusha tovuti ya mtu mwingine

Plex Media Server ni programu inayokusanya muvi, tamthilia, picha na muziki kwenye kompyuta moja, kisha kuzirusha kwenye TV na simu za watu wengine. Wengi huitumia nyumbani. Lakini mwaka 2021 iligundulika kuwa wahalifu wa mtandao walikuwa wanaitumia kama silaha, bila wenye seva kujua.

Tatizo lilikuwa nini?

Plex ikiwashwa, hutafuta vifaa vingine vilivyo karibu ili viunganishwe. Inapoikuta ruta yenye UPnP, huiomba ifungue njia kwenda intaneti. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwenye baadhi ya ruta, njia hiyo iliiacha Plex ikimjibu mtu yeyote aliyeko nje kupitia poti ya UDP namba 32414.

Mapema Februari 2021, kampuni ya usalama ya Netscout ilitangaza kuwa seva zipatazo 27,000 duniani zilikuwa wazi namna hiyo. Udhaifu huo baadaye ulipewa namba CVE-2021-33959.

Shambulio linavyofanyika

Fikiria mtu anapiga simu kwenye maduka mia moja, anaagiza mizigo kwa jina lako. Bodaboda zote zinakuja mlangoni kwako kwa mpigo. Hukuagiza kitu, ila hata mgeni wako wa kweli hapati pa kupita.

Mhalifu hufanya hivyohivyo. Anatuma ombi dogo kwa seva za Plex, akiandika anwani ya anayetaka kumshambulia. Seva zinajibu kwa anwani hiyo, na majibu huwa makubwa kuliko ombi, kwa wastani karibu mara 4.68. Yeye anabaki amejificha.

Mashambulizi ya njia hii peke yake yalifika gigabiti 2 hadi 3 kwa sekunde. Kwa kampuni kubwa ni kidogo, lakini kwa tovuti ndogo inatosha kuizima kabisa. Mbaya zaidi, wahalifu huchanganya njia kadhaa kwa wakati mmoja.

Inamhusu nani huku kwetu?

Chukua mfano wa gesti pale Kolo, wilayani Kondoa, kwenye barabara ya Dodoma kwenda Babati. Wageni hufika kuona michoro ya miambani, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mwenye gesti akiweka seva ya zamani ya Plex ili wageni waangalie muvi vyumbani, na ruta yake ikawa wazi, anaweza kuumia bila kujua sababu. Intaneti inakuwa nzito, bando linakwisha, kumbe seva yake inatumwa kazi na watu wa mbali.

Na anayeshambuliwa anaweza kuwa mtoa huduma ambaye wengi wanamtegemea. Julai 2023 Wakenya waliona madhara ya huduma kunyimwa. Mfumo wa serikali wa eCitizen, wenye huduma zaidi ya 5,000, uliyumba kwa shambulio ambalo kundi la Anonymous Sudan lilidai kuhusika nalo. Kundi hilo lilitumia zana zake lenyewe, si Plex, ila matokeo ni yaleyale: hakuna kilichoibwa, lakini mwananchi anagonga mlango na haufunguki. Oktoba 2024, Marekani iliweka wazi mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo.

Kwa Tanzania, kuingilia mfumo wa kompyuta isivyo halali ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ufanye nini?

1. Sasisha Plex. Toleo 1.21.3.4014 na yaliyofuata hujibu maombi ya ndani ya mtandao wako tu, si ya nje.

2. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, zima UPnP na NAT-PMP kama huzihitaji.

3. Funga poti ya UDP 32414 isifikiwe kutoka nje. Kama hujui pa kuanzia, mwite fundi wa mtandao.

4. Badili nywila iliyokuja na ruta.

Je, simu yako iko hatarini?

Kama unatumia apu ya Plex kwa kuangalia tu, ondoa hofu. Udhaifu ulikuwa kwenye seva, si kwenye apu ya mtazamaji. Ila kama kuna kompyuta nyumbani au kazini inayorusha muvi usiku na mchana, na hukumbuki mara ya mwisho ilisasishwa lini, anza na hiyo leo.