Medali za wamalizaji wa mbio: Kwa nini oda inatakiwa kuanza miezi mitano kabla

Mkimbiaji wa kilomita 42 anayemaliza kwa saa sita hafuati zawadi ya fedha. Washindi walishapokea zao zamani na pengine wako njiani kurudi nyumbani. Yeye amelipa ada ya usajili, ameamka saa tisa usiku, amekimbia na kutembea mpaka jua limemchoma. Kinachomsubiri mstarini ni maji, ndizi na medali.

Akifika akaambiwa medali zimeisha, aache namba ya simu atatumiwa, siku imeharibika hapo hapo. Fulana anaweza kuifuata ofisini wiki ijayo. Medali ina dakika yake moja tu, ile ya kuvishwa akiwa bado anahema, kisha picha iende status.

Ndiyo maana kwa mwandaaji wa mbio, ziwe kubwa kama Kilimanjaro Marathon inayokimbiwa Moshi tangu 2003 au za hisani za klabu ya jogging mtaani, medali ndiyo oda yenye presha kuliko zote. Ikichelewa siku moja, imechelewa moja kwa moja.

Ndogo inaweza kuwa na thamani kubwa

Utaratibu wa dhahabu, fedha na shaba kwa washindi watatu ulianza kwenye Olimpiki ya St. Louis, 1904. Medali ya kumaliza ni kitu kingine. Wa kwanza na wa mwisho wanavaa ileile, na inasema jambo moja: huyu alifika.

Waandaaji wengi wapya hudhani siri ni ukubwa. Mbio za Comrades za Afrika Kusini, zilizoanza 1921 na zenye urefu wa takribani kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zinaonyesha kinyume. Medali zake ni ndogo, zinakaribia sarafu. Lakini zimegawanywa kwa muda: dhahabu ni ya kumi bora, na anayemaliza kati ya saa 11 na saa 12 anapata iliyopewa jina la Vic Clapham, mwanzilishi wa mbio hizo. Ikigonga saa 12, bunduki inalia na aliyebaki nje ya mstari hapati kitu. Watu wanarudi mwaka unaofuata kwa ajili ya kile kipande kidogo cha madini.

Mchoro kwanza, lakini na mizani mkononi

Medali nyingi zina kipenyo cha kati ya milimita 60 na 90. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye skrini ya simu, ila kwenye gharama si mchezo.

Medali ya aloi ya zinki yenye kipenyo cha milimita 70 na unene wa milimita 3 ina uzito wa kama gramu 75. Ikipandishwa hadi milimita 90 na unene wa 5, inafika kama gramu 210. Kwa oda ya medali 3,000, hiyo ni kilo 225 dhidi ya kilo 630, kabla ya tepe na maboksi. Kama mzigo unakuja kwa ndege, ambako kila kilo inalipiwa, bajeti ya mbio nzima inaweza kuyumba kwa sababu ya milimita chache.

Njia ya kupunguza uzito bila kupunguza ukubwa ni matundu. Badala ya duara lililojaa, mbunifu anakata nafasi wazi kuzunguka mlima, jahazi au daraja. Medali inakuwa nyepesi na mara nyingi inapendeza zaidi.

Kuhusu picha yenyewe, twiga na Mlima Kilimanjaro wamechoka. Kama mbio zinapita sokoni, kwenye reli ya zamani, kwenye mbuyu ambao kila mtu wa mji anaujua, hicho ndicho mkimbiaji atakachokitambua akiitazama miaka kumi baadaye. Nembo ya Taifa si pambo la kuokota mtandaoni. Matumizi yake yana sheria, hivyo anayeitaka aombe kibali mapema au aiache.

Kiwandani picha ya JPEG iliyotumwa WhatsApp haisaidii sana. Kinachohitajika ni faili la vekta, la AI, EPS au PDF, ambalo mistari yake haipotezi ubora likikuzwa. Rangi zitajwe kwa namba za Pantone, la sivyo bluu ya mdhamini itarudi ikiwa zambarau na simu zitaanza kupigwa.

Maandishi madogo ni mtego mwingine. Herufi inayosomeka vizuri kwenye kompyuta inaweza kuziba kabisa ikishapakwa rangi. Mwandaaji aprinti mchoro kwa ukubwa halisi, aushike kwa urefu wa mkono, asome. Asichoweza kusoma akifute.

Tarehe iwekwe wapi?

Hapa ndipo watu wanapoumia. Mbio zinaweza kusogezwa kwa sababu ya kibali, mvua, au shughuli ya kiserikali iliyoangukia siku hiyo. Mwaka 2020 corona ilisimamisha mbio dunia nzima, na medali zilizokuwa na siku na mwezi zikabaki na tarehe ambayo hakuna aliyekimbia.

Kilicho salama ni kuweka jina la mbio kwenye madini na kuacha mwaka, umbali na logo za wadhamini kwenye utepe. Utepe ni kitambaa kinachochapishwa, ni rahisi, na unabadilishika haraka. Mdhamini akijitoa dakika za mwisho, kinachorudiwa ni utepe tu.

Utepe huohuo unatatua suala la umbali. Badala ya kulipia kalibu nne za kilomita 42, 21, 10 na 5, medali inakuwa moja na tepe za rangi nne. Kuna wakimbiaji wa 42 watakaolalamika kwamba wamefananishwa na wa 5, na wana hoja. Bajeti ikiruhusu, angalau wao wapewe kalibu yao.

Inavyotengenezwa

Aloi ya zinki ndiyo inayotawala kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi joto takribani 385 za Selisiasi, wakati chuma kinahitaji zaidi ya 1,500. Inamiminwa kwenye kalibu, inapoa, inakatwa kingo, inasuguliwa, kisha inapitishwa kwenye umeme na kemikali ili ipate ngozi ya rangi ya dhahabu, fedha au shaba. Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Ndani ni zinki, hata iwe inang'aa vipi.

Baadaye rangi za enameli hujazwa kwenye mabonde ya mchoro. Enameli laini inabaki chini kidogo ya kingo, kidole kinahisi mabonde, na ndiyo ya bei ya chini. Enameli ngumu husuguliwa mpaka ikawa sawa na madini. Kwa medali ya kumaliza, laini inatosha kabisa.

Chuma na shaba ya njano hutumika zaidi kwa michoro bapa, kwa kugongwa na mashine badala ya kumiminwa. Chuma ni nafuu lakini kinaota kutu pale ngozi inapochubuka, jambo la kufikiriwa kwa mbio za Tanga, Mtwara au Zanzibar ambako hewa ina chumvi.

Klabu yenye watu 150 haina haja ya kwenda mbali hivyo. Karakana zenye mashine za leza zinakata medali za mbao au akriliki ndani ya siku chache, bila kalibu, bila bandari. Mbao iliyokatwa vizuri inaizidi zinki mbaya.

Kuhesabu: ziagizwe ngapi?

Mbio zilizowahi kufanyika zina rekodi tatu: waliojisajili, waliochukua namba za kifuani, na waliovuka mstari. Mwandaaji makini anaanzia ya pili, kisha anaongeza akiba. Wapo wanaojisajili siku ya mwisho, na zipo zinazofika zimevunjika kitanzi.

Mara nyingi shida si hesabu. Shida ni nani anapewa kwanza. Mbio za kilomita 5 zinaisha mapema, na ndiko waliko wageni waalikwa, wadhamini na watoto wao, na kila mmoja anataka medali na ya ziada ya nyumbani. Wanaojitolea nao wanachukua. Wa kilomita 42 wanafika saa tatu baadaye wakakuta maboksi matupu.

Dawa yake ni maboksi kutenganishwa kwa umbali kuanzia kiwandani, yaandikwe kwa nje, na yale ya 42 yafungwe mpaka wa kwanza wao aonekane. Waheshimiwa watengewe idadi yao inayojulikana.

Kalenda inahesabiwa kinyumenyume

Oda nyingi za kiwango kikubwa hutengenezwa China, hasa jimbo la Guangdong. Tuchukue mbio za mwisho wa Juni. Mchoro na idhini ya wadhamini vinakula Februari. Sampuli inakuja mwanzoni mwa Machi, uzalishaji unakwenda mpaka Aprili. Meli hadi Dar es Salaam ni mwezi au zaidi, ikifuatiwa na forodha. Hapo Juni imeshabisha hodi.

Mwaka Mpya wa Kichina huvuruga hesabu hizi kila mwaka. Unaangukia kati ya mwisho wa Januari na Februari. 2026 ni Februari 17, na 2027 ni Februari 6. Viwanda hufungwa wiki mbili au zaidi kwa sababu wafanyakazi wanarudi mikoani kwao. Mbio za Februari au Machi, kwa hiyo, mzigo wake utoke kiwandani kabla ya Desemba kuisha. Mwanzoni mwa Oktoba nako kuna likizo ya taifa ya wiki nzima.

Idhini ya wadhamini ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Kampuni kubwa ina mtu wa masoko, bosi wake, na pengine ofisi ya nje ya nchi inayolinda logo. Barua pepe moja inaweza kukaa wiki mbili bila jibu.

Pesa na sampuli

Utaratibu uliozoeleka ni kutanguliza sehemu, mara nyingi asilimia 30, na kumalizia kabla mzigo haujasafirishwa. Gharama ya kalibu hulipwa mara moja, hivyo ni vizuri kuuliza kiwanda kitaitunza miaka mingapi kwa ajili ya oda ijayo.

Salio lisilipwe kwa kutazama picha. Sampuli halisi ije kwa kifurushi cha haraka, ipimwe kwenye mizani ya duka, ipimwe unene, na jina la mbio lisomwe na mtu ambaye hajawahi kuuona mchoro. Waliouchora hawaoni tena kosa la herufi.

Jina la akaunti ya benki lifanane na la kampuni iliyotoa ankara. Ukifika ujumbe wa ghafla kwamba akaunti imebadilika, hakuna kutuma mpaka mtu apige simu kwa namba ya zamani na kusikia sauti anayoijua. Wezi wa barua pepe wanaupenda sana wakati huu.

Bei ya kiwandani si bei ya kufika. Kuna usafiri, ushuru, wakala wa forodha, na VAT ya asilimia 18 kwa mzigo unaoingia Tanzania Bara, inayokokotolewa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na ushuru wake. Mwandaaji anayegawa bei ya kiwanda kwa idadi ya medali na kupanga ada ya usajili hapo hapo atakutana na pengo bandarini.

Mzigo ukifika, maboksi yafunguliwe siku hiyohiyo na kuhesabiwa, tepe zikunjuliwe ili zisishikane asubuhi ya mbio. Boksi moja la kilomita 42 liandikwe jina la mtu mmoja anayelinda mstari wa kumalizia, na asiondoke nalo mpaka gari la kufunga msafara lipite.