Mnada wa Versailles: Ufaransa ilipouza kwa rahisi na kununua kwa ghali

Tarehe 25 Agosti 1793, madalali walianza kunadi samani za kasri la Versailles, karibu na jiji la Paris. Mfalme Louis XVI alikuwa amekwishakatwa kichwa mwezi Januari. Mkewe, Marie-Antoinette, alikuwa bado hai, mfungwa katika gereza la Conciergerie. Alipouawa Oktoba 16, vitu vya nyumbani kwake vilikuwa bado vinauzwa. Mnada huo ulikoma Agosti 11 mwaka uliofuata, baada ya kunadiwa mafungu 17,182.

Amri ya kuuza ilitolewa na Bunge la Mapinduzi Juni 10, 1793. Ufaransa ilikuwa vitani na majirani zake na hazina ilikuwa tupu. Tena wanamapinduzi hawakutaka kuona alama ya ufalme ikibaki. Kwa hiyo vitanda vya fahari, mapazia, vioo, makabati na hata vyombo vya jikoni vilitolewa nje. Matangazo yaliwaahidi wageni kwamba watakachonunua wataruhusiwa kukisafirisha bila ushuru. Noti za serikali ya Mapinduzi zilikuwa zikishuka thamani kila kukicha, hivyo mwenye sarafu za dhahabu kutoka nje alijipatia mali ya kifalme kwa bei ya chee.

Aliyeumia zaidi pengine ni fundi aliyetengeneza baadhi ya samani hizo. Jean-Henri Riesener alizaliwa Ujerumani mwaka 1734, akaenda Paris kujifunza useremala katika karakana ya Jean-François Oeben. Oeben alipofariki mwaka 1763, Riesener aliendesha karakana, akamwoa mjane wa bosi wake, na mwaka 1769 akakamilisha dawati la Louis XV ambalo marehemu alikuwa amelianza: dawati lenye mfuniko wa kuviringika, lililopambwa kwa vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali. Mwaka 1774 akawa seremala wa mfalme. Ufalme ulipoanguka, alipewa kazi ya kung'oa nembo za kifalme kwenye samani, zikiwemo zile alizozitengeneza mwenyewe. Minadani alinunua baadhi ya kazi zake akitarajia kuziuza kwa faida, lakini mitindo ilikuwa imekwishabadilika. Alifariki mwaka 1806 akiwa amesahaulika.

Hata Napoleon hakuzitaka. Alipoletewa kabati kubwa la vito ambalo Riesener alilitengeneza kwa ajili ya Comtesse de Provence, shemeji yake Louis XVI, jibu lilikuwa kwamba mtukufu anataka vitu vipya, si kununua vikuukuu. Mwaka 1825 kabati hilo hilo lilinunuliwa mnadani na mfalme George IV wa Uingereza, na hadi leo ni mali ya ufalme wa nchi hiyo.

London ilikuwa tayari kupokea mali hiyo. Sotheby's ilikuwa ikinadi tangu 1744 na Christie's tangu 1766, na matajiri wa Uingereza walijaza majumba yao samani za Kifaransa. Miongoni mwao alikuwa Duke wa 10 wa Hamilton, huko Scotland. Nyumbani kwake yalifika makabati mawili ambayo Riesener aliyatengeneza mwaka 1783 kwa ajili ya Marie-Antoinette. Yamepambwa kwa mpingo na vibao vyeusi vya Kijapani vyenye michoro ya dhahabu. Ukisogea karibu unaona mashada ya maua ya shaba iliyotiwa dhahabu, na katikati yake herufi za kwanza za jina la malkia, M na A, zimefumbatana.

Kwa akina Hamilton nako fedha zilikata. Duke wa 12 alilemewa na madeni, na mwaka 1882 Christie's iliuza vitu vya kasri lake kwa siku 17. Makabati hayo mawili yalikwenda kwa pauni 9,450 kila moja, bei iliyowaacha watu vinywa wazi wakati huo. Baadaye yalivuka bahari hadi kwa tajiri wa Marekani, William K. Vanderbilt, na tangu 1920 yako katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.

Ufaransa ilianza kujuta. Karne ya 20 Versailles iliingia minadani kama mteja yeyote, ikivizia samani zake za zamani. Julai 1999, familia ya Rothschild ya Austria iliuza London mali iliyoporwa na Wanazi mwaka 1938 na ambayo ilikuwa imerejeshwa kwake miezi michache tu kabla. Kabati la droo la Riesener, lililowahi kuwa la Louis XVI, lilifikia zaidi ya pauni milioni 7. Lilirudi Versailles.

Mbao pekee hazifikii bei hiyo. Kinacholipiwa ni ushahidi. Mafundi wa Paris walitakiwa kugonga jina lao kwenye kazi, na stoo ya mfalme iliandika namba juu ya samani na kuinakili katika madaftari ambayo bado yapo. Namba ya nyuma ya kabati ikilingana na ya daftarini, thamani hupaa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ila daftari nalo huwafaa walaghai: mwaka 2016 Ufaransa ilitikisika ilipobainika kwamba viti kadhaa vilivyouzwa kama vya karne ya 18, vingine kwa Versailles yenyewe, vilitengenezwa juzi tu na kuwekewa alama za mafundi wa kale.

Hesabu ya Versailles ni rahisi kuisoma. Kuuza kulichukua chini ya mwaka mmoja, zaidi ya karne mbili baadaye kurudisha bado hakujaisha. Serikali yoyote inayofikiria kuuza urithi wa jana ili kuziba pengo la leo iisome hesabu hiyo kwanza.