Asili ya Lenzi ya Mandhari

Lenzi iliyokuja kuitwa ya mandhari, yaani ya kupigia picha za milima, mabonde na misitu, ilipata jina hilo baada ya wapiga picha za watu kuikimbia. Asili yake ni kioo alichokibuni Mwingereza William Hyde Wollaston mwaka 1812 kwa ajili ya kisanduku cha giza, chombo ambacho wachoraji walikitumia kufuatisha taswira, na kioo hicho kilikuwa kimebonyea upande mmoja na kubinuka upande wa pili. Upande uliobonyea ulielekezwa kwenye mandhari, na mbele yake kikawekwa kibati chenye tundu dogo ili miale iliyopotoka izuiwe na taswira itulie hadi karibu na kingo.

Daguerre alipotangaza mbinu yake ya upigaji picha mjini Paris mwaka 1839, kamera zake zilifungwa lenzi ya Charles Chevalier iliyofuata mpango huohuo, ila ilikuwa ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja ili kupunguza mtawanyiko wa rangi. Kasoro yake ilikuwa uhaba wa mwanga, kwani mtu alilazimika kukaa dakika nyingi bila kutikisika. Mwaka uliofuata Josef Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alikokotoa lenzi iliyopitisha mwanga zaidi ya mara 10, lakini ukali wake ulikuwa katikati tu na kingo zikafifia. Uso wa mtu hauhitaji zaidi ya hapo, ilhali bonde linadai kila pembe ya picha.

Hivyo wapiga picha za mandhari walibaki na lenzi ya zamani, tena kwa hesabu nzuri, kwa sababu mlima hauchoki kungoja. Hata kosa lake kubwa zaidi, la kuipinda mistari iliyonyooka iliyo karibu na kingo hadi ukuta ukatuna kama pipa, halikuwasumbua, maana miamba na matawi hayana mstari ambao jicho lingeutilia shaka. Waliopiga picha za majengo ndio walioumia, nao walisubiri hadi mwaka 1866, Dallmeyer wa London na Steinheil wa Munich walipotoa, kila mmoja kivyake, lenzi yenye nusu mbili zinazofanana, moja ikilifuta kosa la mwenzake.

Uvumilivu wa wapiga picha za mandhari ulijaribiwa barabara huko California. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite na nyumbu waliobeba kamera ya vioo vya takriban sentimita 46 kwa 56, ambavyo vilipaswa kupakwa dawa ndani ya hema la giza papo hapo, kupigwa picha, kisha kusafishwa humohumo kabla havijakauka. Kwa kuwa lenzi ilihitaji muda mrefu, maji ya maporomoko yalitoka kama ukungu, na kwa kuwa taswira yake haikufika hadi kwenye pembe za kioo, katika baadhi ya nakala pembe za juu zimekatwa kwa mviringo. Picha hizo huhesabiwa miongoni mwa yaliyochangia Rais Lincoln kutia saini, tarehe 30 Juni 1864, sheria ya kulihifadhi bonde hilo.

Lenzi bora zilifuata, lakini tundu dogo halikuachwa. Mwaka 1932 mpiga picha Ansel Adams na wenzake huko San Francisco walijiita Kundi la f/64, namba inayoonyesha kuwa kipenyo cha tundu ni sehemu ya 64 ya umbali wa fokasi. Kwa lenzi ya milimita 300, tundu hilo halifiki milimita 5.